Begi Nililolinyoa Kabla ya Kupanda Masaba

Akina mama wa ushirika wa Jumatano, mmeniuliza nyote kwa mara moja, na mdomo mmoja haujibu midomo yote hiyo chai ikiwa inapoa. Basi nimeandika. Anayeona vizuri amsomee asiyeona. Shule mimi niliiachia darasa la nne, kwa hivyo mkikuta neno limekaa upande, lisukumeni mpite.

Swali lenu ni lile alilolitoa Mama Rhoda akiwa ameshika simu ya mjukuu wangu Nafula, akiitazama picha ya kule juu mlimani. "Mbona huyu mtoto amefungwa miguu kama kuku wa sokoni? Na begi lako liko wapi, wewe uliyeapa hapa mbele yetu?" Nitajibu. Lakini nitajibu kwa njia ile ile niliyoipita, kwa sababu jibu lenyewe ni fupi na halinipendezi.

Kutoka Kaloleni hadi mizani ya Burma

Nafula, binti wa mwanangu Wekesa, mnamjua, ndiye anayefanya kazi ya stoo kwenye kiwanda huko Industrial Area, na wikendi anapanda milima na vijana wenzake kana kwamba ngazi za kiwanda hazimtoshi. Mlima aliokuwa akiutafuta ni Masaba, ule ambao kwenye ramani unaitwa Elgon. Mimi nimezaliwa chini yake, upande wa Kimilili. Nimefagia uwanja nikiutazama, nimechunga mbuzi nikiutazama, nimeolewa nikiutazama, na sikuwahi kuukanyaga.

Nafula alikuwa ameujaribu mara mbili. Mara ya kwanza alikwenda na rafiki yake wa kazini, na huyo rafiki akaanza kutapika katikati ya njia. Sasa kikundi chao kina sheria: kila mtu anabeba mzigo wake mwenyewe, na ukileta mgeni, mgeni akishindwa mnashuka wote wawili. Nafula akashuka naye. Mara ya pili mvua ikawarudisha wote. Mara hii ya tatu alikuwa huru kwenda peke yake au kuchagua mtu yeyote, akanichagua mimi.

"Kukhu," akaniambia, maana hivyo ndivyo sisi Wabukusu tunavyomwita nyanya, "ukishindwa sitakasirika."

"Nani ameshindwa? Hata viatu sijavaa."

Ndipo nikaja ushirikani nikaapa kwamba hata chupa ya maji hakuna mtu atanibebea. Mama Rhoda akasema nitarudi kwa mkokoteni. Nikamjibu mkokoteni haupandi mlima. Hilo ndilo neno la mwisho la akili nililolisema katika habari hii yote.

Begi nililinunua Gikomba, mtumba mzuri, la mzungu mrefu. Lakini likiwa tupu lilikuwa zito kama mtoto aliyelala. Nafula akaniambia, bila kufikiri, kwamba wapandaji wazoefu hupunguza uzito nyumbani kabla ya safari, na wengine hukata hata mpini wa mswaki. Neno kama hilo haambiwi mtu aliyeshona nguo za mtaa mzima kwa miaka yote hii, mwenye cherehani sebuleni na mkasi unaoning'inia shingoni.

Nilianza na mswaki. Nikaukata shingo. Hapo ningeacha. Lakini mkasi ukishaonja haushibi. Nikatoa lebo zote. Nikatoa mifuko ya pembeni, maana mtu ana mikono miwili, mifuko minane ni ya nini? Ndani ya mgongo wa begi nikakuta fito mbili za chuma zimefichwa, nikamhurumia yule mzungu, nikajua alikuwa na ugonjwa wa uti wa mgongo. Nikazichomoa. Halafu kulikuwa na mkanda mpana wa kiunoni wenye kibano cha plastiki, na mwingine mwembamba wa kifuani. Hiyo niliielewa mara moja. Hapa kwetu begi la mgongoni mtu hulivaa mbele kama mtoto anayenyonya, na ukipita sokoni Muthurwa unalikumbatia kwa mikono miwili. Nikasema, hii mikanda ni ya kuzuia wezi. Na wezi watatoka wapi kule msituni? Nikaikata.

Mfuko wa kulalia nao ulikuwa wa mtu mrefu. Nikaukata upande wa miguu, nikatoa zipu kwa sababu zipu ni chuma, nikaweka vifungo vitatu vya koti la marehemu mume wangu. Sufuria nikaikata mishikio.

Kila nikimaliza kukata nilikwenda soko la Burma kwa Mutiso wa bucha, nikatundika begi kwenye mizani yake kati ya mbavu na miguu ya mbuzi.

"Mama Wekesa, leo umefika mguu wa ng'ombe," Mutiso akasema siku ya kwanza.

"Wa mbele ama wa nyuma?"

"Wa nyuma, na ukwato wake."

Siku iliyofuata nikarudi. Mzee mmoja aliyekuwa akingoja nyama yake akaniuliza kama hiyo ni ya kuchoma au ya kuchemsha. Mwingine akamwambia Mutiso, "Nikatie robo hapo, usiniwekee mafuta!" Sikucheka. Nilisimama wima mpaka sindano ya mizani ikatulia. "Mguu wa mbuzi," Mutiso akatangaza, na bucha nzima ikapiga makofi. Nikatoka pale nimeinua kidevu, begi likinuka mafuta ya mbavu.

Ningeishia hapo, ningekuwa mjinga wa kawaida. Lakini Nafula alikuwa amelalamika kwamba mabuti yake ni mazito. Nikataka kumshangaza. Akiwa kazini nikayachukua, nikampelekea Odhiambo, fundi wa viatu pale chini ya mwavuli, nikamwambia ayanyoe soli.

Odhiambo akayageuza. "Mama, hii soli ni ya mlima. Haya meno ndiyo kazi yake. Na nikinyoa pembeni, gundi itaachwa nje."

"Meno ya nini? Anaenda kuung'ata huo mlima? Nyoa."

"Mama…"

"Nani alikushonea sare ya shule?"

Akanyoa, akiguna. Jioni Nafula akayainua mabuti. "Kukhu, mbona yamekuwa mepesi hivi?"

"Nimeyapiga brashi," nikasema. "Vumbi lilikuwa jingi."

Barabarani, na gurudumu la Timboroa

Basi letu liliondoka Nairobi asubuhi, na mambo yalikwenda vizuri mpaka Timboroa, ambako gurudumu lilipasuka. Gurudumu la akiba nalo lilikuwa limechoka kuliko lile lililopasuka, kwa hivyo dereva akapiga simu, tukaambiwa tungoje. Timboroa mnaijua kwa baridi. Abiria wakatelemka, wakaanza kununua viazi na karoti ambazo hawakuzihitaji, ili mikono ipate kazi.

Kando ya barabara mama mmoja alikuwa na jiko la mahindi. Nikamwomba moto, nikatoa sufuria yangu nipike chai. Ilipochemka nikakumbuka haina mishikio. Nikaizunguka kama mtu anayetafuta mlango wa nyumba ya mwingine. Mwishowe niliiinua kwa ngata yangu, ile pete ya kitambaa ninayowekea mzigo kichwani, na nusu ya chai ikazima moto wa yule mama. Akaniangalia. Nikanunua mahindi mawili.

Mzee mmoja mwenye koti refu, abiria mwenzetu, alikuwa ameona yote.

"Mama, waliokuibia sufuria waliacha sufuria wakachukua mishikio?"

"Niliikata mwenyewe."

"Kwa nini?"

"Nipunguze uzito."

Akanitazama kiunoni, halafu akatazama barabara. Huyo mzee alilelewa vizuri.

Gurudumu lilifika tukiwa tumeshakuwa ukoo mmoja. Kitale tuliingia jua limeshazama, tukalala kwenye nyumba ya wageni, na asubuhi tukashika njia ya Endebess kwa mdogo wangu Nasimiyu.

Endebess, kwa Nasimiyu

Kutoka barabarani mpaka kwake ni mwendo. Nikavaa begi mgongoni, nikaona linanivuta nyuma kama mtoto asiyetaka kwenda shule. Nilidhani mguu wa mbuzi utakuwa mwepesi, lakini mguu wa mbuzi usio na mfupa hulegea, na begi langu lilikuwa halina mfupa. Lilining'inia likanigonga makalio kila hatua. Nikalishusha, nikaweka ngata, nikalitia kichwani kama debe la maji. Hapo tukaelewana.

Tatizo likawa mbwa. Wa kwanza alitokea kwenye shamba la mahindi, akanusa, akafuata. Halafu wa pili. Harufu ya bucha ya Mutiso ilikuwa imefika Endebess kabla yangu. Tulipokaribia kwa Nasimiyu nilikuwa na msafara.

Mwanamke mmoja aliyekuwa akichuma mboga akainuka, akaniona na begi kichwani, na juu ya begi kifuko cha nailoni chenye mikanda inayoning'inia.

"Mama, hiyo mikanda unauzaje?"

Nikamwambia siuzi. Akadhani napandisha bei. "Nipe huo mpana, nifungie mkungu kwenye baiskeli." Mimi nakataa, yeye anabembeleza, mbwa wanangoja mwisho wa biashara. Na Nafula, aliyekuwa nyuma, akafika, akakishika kifuko, akachungulia ndani.

Vilikuwa humo vyote. Mkanda wa kiunoni, wa kifuani, zipu, mifuko ya pembeni, fito mbili za chuma, mishikio ya sufuria, vipande vya kamba, na sindano yangu ya turubai na uzi wa nailoni.

"Kukhu," akasema polepole, "umevikata hivi vitu. Halafu umevibeba?"

"Nimevikata kutoka kwenye begi. Sikusema nimevitupa."

"Lakini uzito ni ule ule!"

"Mutiso hakupima kifuko."

Mnanijua. Ni nani kati yenu amewahi kuniona nikitupa kipande? Nguo za watoto wenu wa ubatizo zimetoka kwenye vipande. Fundi hatupi kitambaa, hata kama ubongo wake ameutupa. Nafula akaketi kwenye nyasi akacheka mpaka yule mwanamke wa mboga akauliza kama ni mgonjwa. Nikamwomba avitoe viachwe kwa Nasimiyu. Kisha nikamwona Nasimiyu mwenyewe akija mbio na shangwe, na katika kukumbatiana kifuko kikaingia ndani ya begi, chini kabisa. Nani alikiingiza, nadhani ni mkono wangu. Mkono una mazoea yake.

Nasimiyu alitupikia ugali wa wimbi na mrenda, na kuku mmoja akaaga dunia kwa ajili yetu. Tulipotaka kuondoka akaleta kuku mwingine, hai, amefungwa miguu, na viazi vitamu kwenye gunia dogo.

"Nasimiyu, napanda mlima. Nimekata mpaka mswaki."

"Kwa hivyo mtu akiuliza ulitoka kwa mdogo wako na nini, utasema mswaki?"

Hapo mabishano yakaisha. Mgeni wa kwetu haondoki mikono mitupu, na anayekataa kuku amekataa mwenye kuku. Nikampokea. Mizani yote ya Burma ikabatilika pale pale.

Getini

Kikundi cha Nafula kilikuwa kinatungoja kwenye geti la hifadhi ya mlima, vijana kutoka Nairobi, na kiongozi wao wa mlima, Msabaoti anayeitwa Kiptoo, mtu mwenye maneno machache na miguu kama fito za ua. Akaniita Kogo, ambalo kwao ndilo nyanya. Mmoja wa vijana, Brayo wa Dandora, ndiye msemaji wa kikundi hata kama hakuchaguliwa, na kwake kila nyanya ni Shosh.

"Shosh! Kumbe tunapanda na kuku?"

"Yeye ana miguu yake," nikamwambia.

Kiptoo akaliinua begi langu, akalizungusha, akalishusha.

"Kogo, fito za mgongoni ziko wapi?"

"Zilikuwa za mgonjwa."

"Na mkanda wa kiunoni?"

Nikamweleza habari ya wezi na Muthurwa. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kucheka, jambo ambalo ni baya kuliko kucheka. Kisha akanieleza kwamba mkanda ule ndio unaobeba, unauhamisha mzigo kutoka mabegani hadi kwenye nyonga, na fito ndizo zinazousaidia. "Umetoa miguu ya begi, Kogo. Sasa utakuwa wewe."

"Shosh ameinyoa begi, ameacha kipara," Brayo akasema.

Kiptoo akamgeukia Nafula. "Unajua sheria. Akishindwa huyu, ni nyinyi wawili."

"Najua," Nafula akasema. Hakunitazama. Afadhali angenitazama.

Msitu na mianzi

Kwenye msitu wa chini nilikwenda vizuri, begi kichwani, mkono mmoja kwenye fimbo, ambayo ni mpini wa fagio niliouchonga. Mbega walitutazama kutoka juu wakiwa na makoti yao meupe kama wazee wa kanisa. Vijana walikuwa wanahema, mimi nikaanza kuwahurumia, na mtu akianza kuwahurumia wengine ajue zamu yake iko karibu.

Mianzi ndiyo ilinifunza. Njia ndani ya mianzi ni kama shimo, na mianzi mingine imeinama juu yake. Begi likagonga, likaanguka. Nikaliokota. Likagonga tena. Mama yangu alibeba mtungi kichwani maisha yake yote, lakini mama yangu hakupita ndani ya bomba. Nikalivaa mgongoni, mishipi ya mabega ikanikata kama waya, nikatembea nimeinama mpaka nikaziona kamba za viatu vyangu kwa karibu. Nafula alikuwa nyuma yangu akiniuliza kila baada ya muda, "Kukhu, nikusaidie?" Kila alipouliza niliongeza mwendo kwa hasira, na pengine hiyo ndiyo iliyonifikisha kambini.

Kuku naye alichinjwa hapo. Nilijisifu kwamba watoto wa Nairobi watakula kuku wa kienyeji aliyepikwa na mwenye kujua. Kuku akachemka. Akachemka tena. Tukazungumza, tukaimba, kuni zikaisha, kuku bado ni mpira. Kiptoo akaniambia kule juu maji huchemka kabla hayajapata moto wa kutosha. Alingoja kuniambia hivyo mpaka nilipomaliza kujisifu. Brayo alitafuna paja moja kwa muda wa sala nzima ya mchungaji wetu, halafu akalitoa akalitazama. "Shosh, huyu kuku alikuwa anaenda gym." Viazi vitamu vya Nasimiyu ndivyo vilivyotuokoa.

Usingizi sitauongelea. Vifungo vitatu havizuii upepo, na miguu iliyotoka nje ya mfuko ni miguu yangu. Kulipokucha nilikuwa wa kwanza kuamka kwa sababu sikuwa nimelala.

Kwenye mawe

Juu ya mianzi miti inaisha, na panaota mimea ya ajabu, kama kabeji zilizopandwa juu ya vigogo. Hewa ni nyembamba. Kilele cha upande wetu, Koitoboss, ni ukuta wa mawe unaouona mbele yako kila wakati na haukaribii. Nilikuwa nahema kama cherehani kavu, lakini nilikuwa natembea, na mzigo wangu ulikuwa mgongoni mwangu. Nikaanza kutunga maneno ya kumwambia Mama Rhoda.

Hapo ndipo nikasikia sauti mbele yangu. Pa. Pa. Pa. Kila Nafula alipoweka mguu wa kulia, kitu kilipiga. Akasimama, akainua buti. Soli ilikuwa imeachana na kiatu kutoka vidoleni hadi katikati, imefungua mdomo.

Kiptoo akachuchumaa akaitazama. Akalitazama na la kushoto, pembeni gundi ilikuwa imeanza kuachia pia. Akatikisa kichwa.

"Mawe yanaanza pale. Mwenye kiatu cha hivi anarudi. Na mgeni wake."

Nafula akaketi. Hakulia. Alianza tu kufungua kamba za buti, taratibu, kama mtu anayevua viatu nyumbani kwake.

"Ni sawa, Kukhu," akasema. "Ni mara ya tatu. Labda huu mlima haunitaki."

Angalieni, ningenyamaza hakuna ambaye angejua. Mabuti ni ya mtumba, na mtumba hulaumiwa kwa kila kitu. Lakini aliposema mlima haumtaki, mlima ambao nimefagia uwanja nikiutazama, nikaona aibu mbele ya mlima.

"Mlima haujakufanya kitu," nikasema. "Ni mimi. Nilipeleka mabuti yako kwa Odhiambo, nikamwambia ayanyoe. Alikataa, nikamlazimisha."

Nafula akaacha kufungua kamba.

"Uliniambia uliyapiga brashi," Nafula akasema.

"Niliyapiga brashi pia."

"Shosh," Brayo akasema, na mara hii sauti yake ilikuwa ndogo, "kuna kitu chochote hukunyoa?"

Nikashusha begi, nikaingiza mkono mpaka chini kabisa, nikatoa kifuko. Kiptoo akautazama ule mkanda wa kiunoni ukitoka, na kibano chake. Akatazama ukungu uliokuwa unapanda bondeni.

"Ukungu ukifika kwenye lile jiwe jeusi tunaondoka," akasema. "Hatungoji mtu."

Nikaketi, nikaweka buti la kulia mapajani. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi, sindano nikawa naivuta kwa meno, na meno yenyewe mnayajua yalivyobaki. Nikaupitisha mkanda chini ya soli na juu ya mguu, kibano kikakaa juu, nikaubana. Nikaushona kwenye ngozi ya pembeni. Ule wa kifuani nikauzungushia vidoleni, nikafunga mafundo manene chini ya nyayo, yawe meno badala ya yale niliyoyang'oa. Nafula alinishikia uzi. Brayo ndiye aliyekuwa akitangaza ukungu, kama mtangazaji wa mpira, mpaka Nafula akamwambia anyamaze.

Buti la kulia likakaa. Nikachukua la kushoto, nikatia mkono kwenye kifuko. Zipu. Mifuko. Vipande vya kamba nyembamba, vya kukatika. Mkanda wa nguvu ulikuwa umekwisha.

Mikanda ya nguvu iliyobaki pale mlimani ilikuwa miwili, na yote miwili ilikuwa imeshikilia begi langu. Mishipi ya mabega.

Sitasema nilifikiri sana, kwa sababu ukungu haukuniruhusu. Lakini nilikumbuka ushirika. Nilimkumbuka Mama Rhoda na mkokoteni wake. Kisha nikashika mkasi wangu wa shingoni, nikaikata. Katika ukataji wote nilioufanya tangu Kaloleni, huo tu ndio haukuwa wa kupunguza uzito.

Ukungu ulipofika kwenye jiwe jeusi nilikuwa nafunga fundo la mwisho. Nafula akasimama, akakanyaga, akakanyaga tena kwa nguvu. "Yanashika," akasema. Akamtazama Kiptoo. Kiptoo akayavuta mabuti kwa mikono yake miwili, moja moja, kama anayekamua ng'ombe asiyemjua.

"Twende."

Nikatoa ngata yangu, nikainama nijitwike lile gunia lililokuwa begi. Kiptoo akanizuia kwa kiganja.

"Hapo juu, Kogo, mikono yote miwili ni ya mlima. Na kichwa pia."

"Ukisema nimeshindwa, huyu anashuka."

"Sijasema umeshindwa. Nimesema uweke chini."

Basi nikaweka chini. Brayo akachukua mfuko wa kulalia, akaufunga kiunoni kwa vifungo vya koti la mume wangu. Nafula akachukua sufuria. Kiptoo akabeba maji na fito za mgonjwa. Wengine wakagawana nguo na viazi vilivyobaki. Gunia lenyewe tukaliweka chini ya jiwe, na jiwe jingine juu yake, tulichukue tukishuka. Kila mtu alipomaliza kuchukua, kulikuwa na kitu kimoja kimebaki kwenye nyasi. Nikakiokota, nikakitia kwenye mfuko wa sweta.

Juu, na jibu lenu

Mawe nilipanda kwa mikono na magoti, kwa heshima zote. Kila mara nilipoinua kichwa niliona nyayo mbili mbele ya pua yangu, zimefungwa mikanda myeusi, na mafundo yakikwaruza mwamba. Niliyahesabia makosa yale mafundo moja moja, mshono huu umekwenda pembeni, huu ungekuwa mrefu zaidi. Hivyo ndivyo nilivyofika juu bila kujua nimefika, nikishona kwa macho.

Nafula alikuwa amesimama, mikono imemlegea. Hakupiga kelele kama vijana wengine. Aliniuliza, "Kukhu, kwenu ni wapi?" Nikamwonyesha upande wa Kimilili. Ulikuwa umejaa mawingu, ningemwonyesha popote angeamini, lakini nilimwonyesha pale pale. Alitazama kwa muda mrefu sana. Halafu Brayo akatuita tupige picha.

Sasa majibu. Ulibeba mzigo wako mpaka juu? Hapana. Mzigo ulibebwa na vijana sita na Msabaoti mmoja. Mzigo niliofika nao mimi kileleni ni mswaki wangu, na huo, mnakumbuka, ulikuwa nusu.

Na begi, Mama Rhoda. Unasema hulioni pichani. Chukua tena simu ya Nafula, vaa miwani, shuka chini kabisa mpaka miguuni pake.